Honi ya Gari la Shule, na Wadogo Wako Uani

Nalea watoto nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa saba. Wanne ni wadogo kabisa, wa mwaka mmoja hadi mitatu. Hao wanashinda kwangu kutwa. Watano wengine ni wa awali, la kwanza na la pili. Wazazi wao wanawaleta alfajiri, kwa sababu mmoja anawahi samaki Deep Sea, mwingine ana zamu ya hospitali, mwingine anafungua duka la chai stendi ya Kange. Watoto wanakunywa uji hapa, gari la shule linawachukua mlangoni kwangu, na mchana linawarudisha hapa hapa mpaka wazazi watoke kazini. Shule ni mbili, kwa hiyo magari ni mawili.

Kulea nilijifunza kwa mama na shangazi zangu. Mambo ya gari la shule sikufundishwa na mtu, na ndiyo yaliyokaribia kunitia msibani. Mwaka wa kwanza, asubuhi moja honi ililia nikatoka mbio na watoto wawili. Mlango niliurudishia tu. Nilipogeuka baada ya kuwapandisha, nikamwona mtoto wa mwaka na miezi minane amesimama ukingoni mwa baraza, mguu mmoja hewani, na baiskeli inakuja. Mwenye baiskeli alijitupa upande wa pili, akaanguka na mzigo wake wa madafu. Mtoto hakuguswa. Yule baba aliinuka, akamnyanyua mtoto, akanipa mkononi bila kusema neno. Mpaka leo namshukuru.

Tangu siku ile nina kanuni moja: mtoto haachiwi na mkono mmoja mpaka mkono wa pili umeshamshika. Hatua zote ninazoeleza hapa zinatoka humo.

Na kabla ya hatua yoyote: ukishapokea watoto wa watu kwa malipo, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana na inataka visajiliwe. Afisa akija kukagua, usimwonyeshe vyumba vya kulala na choo peke yake. Mtoe nje, mwonyeshe gari linaposimama.

Hatua ya 1: Igawe nyumba

Nyumba zetu nyingi Ngamiani ni za Kiswahili. Baraza mbele, mlango, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kisha mlango wa nyuma wa kutokea uani. Baraza inagusa barabara. Ndipo tunapokaa na majirani jioni, naipenda sana, lakini kwa mtoto wa miaka miwili hakuna kitu kati ya mlango na magurudumu.

Mimi nimeweka mipaka mitatu. Uani ni kwa wadogo. Ukumbini ni kwa watoto wa gari. Barazani hakai mtoto yeyote asubuhi mpaka gari limesimama kabisa. Mlango wa kati, baina ya ukumbi na uani, una komeo lililopigiliwa juu ambapo mtoto hafiki hata akipanda kigoda, na liko upande wa uani, ili msaidizi aliye na wadogo aweze kufungua mwenyewe kukitokea jambo. Fundi alitaka kuliweka upande wangu. Nilimkatalia, maana siwezi kumfungia mtu na watoto wanne mahali ambapo hana namna ya kutoka.

Jiko la mkaa liko uani, basi lazima liwe limezimwa kabla komeo halijafungwa. Uji napika saa 10:30 alfajiri. Ikifika saa 11:30 mkaa umeshamwagiwa maji na sufuria iko mezani ukumbini.

Hatua ya 2: Daftari moja, si kichwa

Usitegemee kumbukumbu, na usitegemee simu peke yake. Simu huisha chaji. Nunua daftari kubwa, chora mistari: jina la mtoto, gari lake, saa aliyoletwa na nani, saa aliyopanda, matroni (mama anayewaangalia watoto garini) aliyempokea, saa aliyorudi, aliyemchukua jioni. Ukurasa mmoja kwa siku moja. Mzazi anaweka sahihi akileta, na anaweka sahihi akichukua.

Nyuma ya daftari andika namba za simu za kila mzazi, jamaa wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, dereva, matroni na mwalimu wa zamu. Andika pia 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, na 112 ya dharura.

Hatua ya 3: Kaa na dereva na matroni, uso kwa uso

Hatua hii walezi wengi wanairuka, na mimi naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Usiishie kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nenda shuleni Jumamosi au siku ya kufunga shule, mkae chini. Mimi nilipeleka visheti na chai, tukaongea kama nusu saa. Tulikubaliana hivi.

Kwanza, kubip. Gari likipita Mkwakwani matroni ananibip. Kutoka pale hadi kwangu ni dakika nne au tano, zinanitosha kuhakikisha komeo limefungwa na kuwapanga watoto. Honi haitakiwi tena. Honi ndiyo iliyokuwa inanikimbiza, na mtu anayekimbizwa huacha mlango wazi.

Pili, upande wa kusimama. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto. Asubuhi gari linakuja upande wa nyumba yangu, mtoto anapanda moja kwa moja. Mchana lilikuwa linatokea upande wa pili, na watoto wanashushwa ng'ambo ya barabara. Nilimwomba dereva azungukie mtaa wa nyuma atokee upande wangu. Alikataa, akasema mafuta. Sikugombana naye. Niliwaeleza wazazi, wazazi wakaenda shuleni, na baada ya wiki mbili gari likaanza kuzunguka. Ikiwa barabara yako hairuhusu kuzunguka, basi kubalianeni kwamba mtoto hashuki mpaka mtu mzima wa nyumba yako amesimama mlangoni mwa gari, na kwamba hamvuki mpaka gari limeondoka, mnaona kulia na kushoto.

Tatu, muda wa kusubiri. Gari linanisubiri dakika mbili, na mimi nalisubiri dakika kumi na tano kabla ya kupiga simu. Sote tunajua.

Nne, mimi tu au msaidizi wangu ndiye anayepokea. Matroni akituma mtoto mkubwa amvushe mdogo, hayo si makubaliano yetu, na nitamwambia palepale kwa upole.

Hatua ya 4: Asubuhi

Mabegi, sare, soksi na chupa za maji zinapangwa usiku. Asubuhi si wakati wa kutafuta kiatu.

Kuanzia saa 11:15 wazazi wanaingia. Napokea, naandika, namgusa kila mtoto paji la uso. Mwenye homa hapandi gari, mzazi anaambiwa kabla hajaondoka. Uji saa 11:40. Binti anayenisaidia anaingia uani na wadogo saa 12 kasoro dakika tano, anafunga komeo, anasema kwa sauti, "Wanne!" Mimi najibu, "Wanne!" Kisha nahesabu wangu wa gari.

Gari la kwanza ni saa 12:10, la pili 12:35. Hapa kuna jambo ambalo nililigundua mwaka wa pili. Saa ya gari haibadiliki mwaka mzima lakini mwanga unabadilika. Mwezi wa Novemba, saa 12:10 jua limeshachomoza Tanga. Mwezi wa Julai linachomoza karibu na saa 12:30, kwa hiyo watoto wa gari la kwanza wanapanda gizagiza. Kuanzia Juni taa ya baraza inawaka, mimi navaa kitenge cheupe, na mabegi yao yameshonewa kitambaa kinachong'aa taa ikikipiga. Fundi cherehani alinishonea yote kwa bei ndogo.

Hatua ya 5: Kutoka mlangoni hadi garini

Ni hatua nane kwangu. Nimezihesabu. Lakini ajali haitaki nyingi.

Nilichukua kanga kuukuu, nikaisokota kuwa kamba, nikaipiga mafundo. Kila mtoto ana fundo lake, na mimi nashika ncha ya upande wa barabara. Gari likisimama na mlango ukifunguliwa, naangalia kwanza kushoto pembezoni mwa gari. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli haina mlio. Hupita katikati ya gari na baraza, na siku hizi bodaboda nayo inapenyeza pale pale. Mtoto amefundishwa kusikiliza magari, baiskeli hataisikia.

Anapanda mmoja mmoja. Matroni anamshika mkono, mimi naachia begi. Tunataja jina pamoja. Mlango ukifungwa narudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, nasubiri gari liondoke, ndipo naandika.

Wafundishe watoto mambo mawili kila wiki bila kuchoka: usipite mbele ya gari karibu na bampa, maana dereva aliye juu hamwoni mtoto mfupi aliye chini yake, na kitu kikianguka chini ya gari, kiache. Hata kama ni daftari la mwalimu. Mwambie mtu mzima.

Hatua ya 6: Mchana, wakirudi wamelala

Watu wanadhani asubuhi ndiyo ngumu. Kwangu mchana ni mgumu zaidi. Wadogo wangu ndiyo kwanza wamelala, joto limepamba moto, na wanaorudi wamechoka. Mtoto wa awali hulala garini, huteleza chini ya kiti, na asiye makini hamwoni.

Kwa hiyo gari likifika siridhiki na walioshuka. Nina orodha yangu ya asubuhi mkononi. Waliopanda watatu, wanashuka watatu. Wakishuka wawili, gari haliondoki mpaka nijue wa tatu yuko wapi. Siku moja matroni aliniambia mtoto amechukuliwa na mama yake shuleni. Nilimpigia mama akiwa kazini. Hakuwa amemchukua. Tukapanda garini, tukamkuta kiti cha nyuma kabisa, amelala juu ya begi. Gari lilikuwa linakwenda kuegeshwa juani. Gari lililofungwa madirisha, ndani ya dakika 10 tu joto lake linaweza kupanda kwa takriban digrii 10, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wetu. Matroni yule alilia. Tangu hapo, gari likimaliza watoto, yeye anatembea mpaka kiti cha mwisho, anaweka mkono kwenye kila kiti, kisha ananiandikia, "Tupu." Ninangoja ujumbe huo kila siku, na usipokuja napiga.

Wakiingia: maji, kunawa, kuvua sare, kula. Maswali ya shule baadaye. Mtoto aliyetoka juani na mwenye njaa hana jibu la maana.

Hatua ya 7: Siku zisizofanana

Ijumaa shule mojawapo huachia mapema kwa ajili ya sala, na Ramadhani ratiba hubadilika. Andika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mitaa hujaa maji na gari huchelewa. Wavishe makoti ya mvua. Mwavuli humfunika mtoto macho na kumnyima mkono mmoja.

Gari lisipokuja kabisa, piga simu kwa mzazi kwanza. Simpandishi mtoto bodaboda, hata dereva awe mpwa wangu. Kama mzazi ameridhia bajaji, namchukua yule ninayemjua, na mtu mzima anakwenda naye.

Msaidizi akiumwa, usijaribu peke yako. Nina makubaliano na bibi wa nyumba ya tatu: nikimgongea saa 11:30 anakuja kukaa uani na wadogo mpaka gari la pili liondoke. Namlipa. Na wazazi wa watoto wa gari wananilipa shilingi 10,000 zaidi kwa mwezi kwa kila mtoto. Mwanzoni nilifanya bure, nikaona aibu kudai. Ulinzi wa mtu wa pili unagharimu, waeleze hivyo na watakuelewa.

Wanaokwenda chuo cha Kurani alasiri tunatembea nao kwa kamba ile ile ya kanga, na mwalimu wa madrasa anapokea kwa mkono kama matroni.

Hatua ya 8: Jioni

Mzazi mwenyewe au jamaa aliye kwenye daftari. Akija mjomba nisiyemjua, hata kama mtoto anamrukia kwa furaha, anakaa barazani, anapewa maji, nami nampigia mama. Wapo walionuna. Hakuna aliyenuna mara ya pili.

Kila anayeondoka, mstari wake unafungwa kwa sahihi. Mstari wa mwisho ukifungwa, nalinganisha na hesabu ya asubuhi, natia kamba ya kanga kwenye msumari wake, ndipo namwambia binti afungue komeo la uani.