Hita ya umeme au ya gesi kwa maji ya kuoga? Pima nyumba yako kabla ya kwenda dukani

Ikifika Juni na upepo wa Dodoma ukaanza kuuma alfajiri, swali ninaloulizwa sana na wateja ni hili: "Fundi, niweke hita ya umeme au ya gesi?" Wengi huuliza boksi likiwa tayari sebuleni. Nawaomba mfanye kinyume chake: ipime nyumba kwanza, ndipo mnunue.

Nazungumzia maji ya kuoga tu. Kwa baridi yetu ya Juni hadi Agosti, chumba kinachofungwa vizuri na blanketi vinatosha. Jiko la mkaa usiliingize chumbani hata siku moja. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 1: Jua bei ya joto

Chukua risiti ya LUKU ambayo haijakatwa kodi ya jengo. Ukiona shilingi elfu moja imekupa uniti 8 na ushee (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa zima), uko kwenye tarifu, yaani daraja la bei, ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiona uniti 2.8, uko kwenye tarifu ya kawaida, na uniti moja inakugharimu kama shilingi 356.

Sasa gesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban uniti 12.8, na kwenye hita nzuri kama 10 hivi ndizo zinazoingia kwenye maji. Kwa hiyo gawanya bei ya mtungi kwa kilo zake, kisha gawanya kwa 10. Tuchukulie duka la mtaani kwako linauza mtungi wa kilo 15 kwa 57,000: kilo moja ni 3,800, na uniti ya joto ni 380. Umeona? Kwa mtu wa tarifu ya kawaida, gesi na umeme vinakaribiana sana, ingawa mtaani watu wameshaamini kwamba gesi ni rahisi mno.

Mwenye tarifu ndogo asifurahi haraka. Hita ya kilowati 5.5, watu watano wakioga dakika 8 kila mmoja, inakula uniti 3.7 kwa siku, yaani kama 110 kwa mwezi. Hapo umeshavuka 75 kabla hujawasha hata taa, na ukizoea kuvuka utahamishiwa tarifu ya juu. Hata mkioga kwa ndoo, kupasha lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 kunataka uniti 0.42. Fanya hesabu ya familia yako.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya maji

Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua, fungulia yote, angalia saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, hita zote mbili zitafanya kazi. Ikichukua dakika nne au zaidi, hita ya gesi itakusumbua, maana moto wake hauwaki mpaka maji yaisukume vali. Kwenye kibandiko cha hita tafuta namba ya MPa, yaani msukumo wa maji inaouhitaji; 0.025 maana yake tenki liwe juu ya hita kwa mita mbili na nusu angalau. Nyumba nyingi tenki limekaa juu ya choo, halifiki hapo. Inua mnara au weka pampu ndogo.

Hatua ya 3: Kagua umeme wako

Hapa msinifanyie haraka, tafadhali. Kilowati 5.5 ni ampea 24. Waya wa milimita 2.5 uliovutwa kwa ajili ya soketi utachemka ndani ya ukuta, na huo ndio mwanzo wa moto. Hita inataka laini yake peke yake kutoka kwenye mein swichi: waya wa milimita 6, breka ya ampea 32, na swichi ya kuikata iliyo nje ya bafu. Ethi, yaani waya wa ardhini, lazima iwepo na ipimwe, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Bila hivyo viwili mimi sifungi hita, hata mteja akasirike.

Pima pia volti saa moja jioni, watu wote wanapopika. Pembezoni mwa mji umeme ukishuka hadi volti 180, hita hiyo hiyo inabaki na kilowati 3.4 hivi. Ndiyo maana maji yanakuwa ya uvuguvugu, na mteja anailaumu hita.

Hatua ya 4: Tafuta ukuta wa nje

Hita ya gesi haifungwi bafuni. Iwe nje, chini ya paa, penye hewa ya kutosha, mtungi ukiwa umesimama wima. Hita ya lita 6 inachoma karibu kilo moja kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 utapoa na kuishiwa nguvu. Chukua wa kilo 15. Kama bafu lako liko katikati ya nyumba na huna ukuta wa nje karibu, sahau gesi.

Hatua ya 5: Angalia chumvi

Tazama matundu ya bomba lako la mvua. Ukikuta ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Nimefungua hita ambazo koili imevikwa gamba kama ganda la yai, joto haliwezi kupita. Kwa umeme, nunua iliyoandikwa ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa, kwani maji ya chumvi yanapitisha umeme. Hita ya gesi nayo inaziba, ila unaweza kuisafisha kwa siki mara moja moja.

Nikiulizwa mimi: nyumba ya kupanga yenye waya wa zamani, weka gesi nje. Nyumba mpya, vuta laini ya hita tangu mwanzo, na utandaze bomba la maji ya moto hadi darini, ili siku ukipata hela ya hita ya jua usibomoe ukuta. Jua la Dodoma tunalo mwaka mzima.

Ukishafunga gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio na mpira wote. Povu likitoa viputo, gesi inavuja: funga mtungi, kaza, rudia. Fanya hivyo kila unapobadilisha mtungi.