Kipimio cha baruti kinatoa namba tofauti kila ukivuta? Kagua hivi

Wanaorilodi risasi huku Marekani, yaani unaokota maganda yako uliyokwisha piga, unayasafisha, unaweka praima mpya (kile kiwashio cha nyuma ya ganda), baruti na kichwa, karibu wote wameshapitia hii: umeset kipimio vizuri, chaji tano za kwanza, yaani vipimo vya baruti vya risasi moja moja, ziko sawa kabisa, ya sita imepanda, ya saba imeshuka, unaanza kuzungusha skrubu huku na huku na saa nzima imeisha hujajaza ganda hata moja. Mi nilihangaika hivyo msimu mzima hapa Minnesota, kila usiku besmenti, nataka risasi za kuwindia kulungu mwezi wa 11, kumbe nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Kabla sijaendelea, mnaosoma mkiwa nyumbani Kenya au Tanzania, hii ni ya kusoma tu, huko kujitengenezea risasi bila kibali ni kesi. Na sitataja chaji ya risasi yoyote hapa, hiyo unaitoa kwenye kitabu cha watengenezaji wa baruti yako, unaanza chini na kupanda pole pole.

Sasa kitu cha kwanza kuelewa, na ukikishika hiki mengine yote yanajieleza. Kipimio hakipimi uzito. Kinapima ujazo, kama kibaba. Ndani kuna drami ya chuma yenye shimo, ukiinua mkono wa kipimio shimo linaangalia juu kwenye hopa, lile chombo la juu la kuwekea baruti, na baruti inaanguka ndani, ukishusha linageuka chini na kumwaga. Basi, hakuna akili zaidi ya hapo. Kama umewahi kununua mchele sokoni kwa kibaba unajua kwamba kibaba ni kilekile ila mama akikitikisa kidogo mchele unashuka na unapata zaidi, akimimina pole pole bila kukigusa unaenda nyumbani umepunjwa. Baruti ni hivyohivyo. Chochote kinachobadilisha jinsi chembe zinavyojipanga ndani ya lile shimo kitabadilisha uzito, hata kama skrubu haijasogea hata nywele.

Lakini usianze na kipimio, anza na mizani, maana hiyo ndo inakupa habari zote na ikidanganya utafukuza kivuli. Greni, kipimo cha uzito tunachotumia kwa baruti, moja ni kama miligramu 65, na sisi tunalia juu ya sehemu moja ya kumi ya hiyo, miligramu sita na kidogo, pumzi yako inatosha kuisogeza. Chukua kitu chenye uzito usiobadilika, kile kijiwe cha kupimia kilichokuja na mizani ni kizuri, ukikikosa hata kichwa kimoja cha risasi, kipime mara 10, kitoe kirudishe kitoe kirudishe, andika kila namba. Zikiyumba basi kipimio chako hakina kosa mpaka sasa. Mizani ya dijitali iwashe nusu saa kabla ya kuanza ili ipate joto, weka simu mbali, zima feni, na kagua kama tundu la hewa ya moto la nyumba haliko juu ya kichwa chako. Langu lilikuwa juu kabisa ya meza, hita ikiwaka namba zinapanda, ikizima zinashuka, nami nimekaa pale nalaumu baruti. Ya mkono ile ya kusawazisha haina shida za umeme ila inataka meza iliyonyooka na sahani safi, na ukiisogeza hata inchi mbili anza sifuri upya. Halafu ukidondosha chembe moja moja kwenye ya dijitali, nyingine haioni, inabaki namba ileile huku baruti inaongezeka, kwa hiyo inua sahani uirudishe ndo usome.

Mizani ikipita mtihani, toa chaji 20 na uandike zote kwa mpangilio uliozitoa. Usiandike wastani peke yake! Wastani unaficha. Mpangilio ndo unaokuambia ugonjwa.

Ukiona kitu kama 40.0, 40.1, 39.9 halafu ghafla 38.6 na inayofuata 41.3 (greni, namba za mfano hizo, si resipe), hapo baruti imekwama njiani. Jumlisha hizo mbili utapata 79.9, yaani chaji mbili kamili, ila ya kwanza iliacha deni na ya pili ikalipa. Hii ni tabia ya baruti za vijiti, IMR 4064, IMR 4350 na wenzake, zile punje ndefu zinalaliana kama kuni kwenye mdomo wa bomba la kushushia, hasa ukiwa unajaza maganda yenye shingo nyembamba. Dawa yake gonga mkono wa kipimio kidogo unapofika juu na tena unapofika chini, lakini ugonge kwa namna ileile kila mara, na ukiweza tumia bomba pana zaidi. Utasikia pia "krrk" drami inapokata kijiti, unahisi mkono umegoma. Watu wanalazimisha kwa nguvu. Mi narudisha nyuma kidogo nashusha tena taratibu, na chaji hiyo naimwaga tena kwenye hopa, siiamini.

Hiyo jozi ya chini na juu usiichukulie kirahisi kwa bastola. Chaji pungufu sana inaweza kuacha kichwa katikati ya mtutu, ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unapasuka, na iliyozidi nayo unajua mwenyewe.

Kama namba zinashuka pole pole, kila chaji tano kidogo, kidogo, angalia hopa. Ikijaa, uzito wa baruti ya juu unashindilia ya chini, ikipungua mgandamizo unapungua na chaji inakuwa nyepesi. Ndo maana kuna kile kibati chenye matundu cha kuweka ndani ya hopa, kinabeba uzito wa juu ili drami ione baruti kiasi kilekile muda wote. Cha kwangu kilikaa kwenye boksi mwaka mzima nikidhani ni kifungashio, jamani. Kiweke, na usiache hopa ishuke chini ya nusu. Kagua pia ile nati ya kufungia skrubu ya kipimo, kama haijakaza itajizungusha yenyewe kwa mtikisiko.

Namba zikiwa za ovyo tu hazina mpangilio, mara nyingi ni mkono wako. Kweli. Chaji ya kwanza umevuta haraka kwa sababu una hamu, ya kumi umechoka unavuta kivivu. Unatakiwa uwe kama mashine, kasi ileile kwenda juu, subiri sekunde, kasi ileile kushuka. Na kama presi ya kukandamiza maganda imefungwa kwenye meza moja na kipimio, kila ukivuta presi unashindilia baruti iliyoko kwenye hopa bila kujua, kwa hiyo jaza maganda yote kwanza ndo uguse presi. Chaji 10 au 15 za mwanzo baada ya kujaza hopa usizihesabu, zirudishe, baruti bado inajipanga.

Halafu umeme tuli. Huku baridi ikianza hita inakausha hewa ndani mpaka ukimgusa mtoto mnapigana shoti, na baruti inang'ang'ania plastiki ya hopa kama vumbi kwenye skrini ya tivii. Hopa tupu ioshe na sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke yenyewe bila kuipangusa, au ipanguse na zile karatasi zinazowekwa kwenye draya ya nguo. Kipimio kipya kina mafuta ya kiwandani kwenye drami, yatoe yote, baruti inanata pale, na wala usipake oili ukidhani kinataka kulainishwa, kikihitaji kitu ni unga wa grafaiti kidogo tu. Wengi wanapitisha kopo zima la baruti bila kujaza chochote, wanairudisha, ile grafaiti iliyoko kwenye punje inapaka chuma.

Ukimaliza yote hayo utabaki na tofauti, sasa swali ni kama inakuhusu. Baruti za duara kama H335 zinamwagika kama maji, ukipata sehemu moja ya kumi ya greni juu au chini ndo kawaida yake. Za vijiti mbili au tatu za kumi si ajabu. Unique, hiyo ya vipande bapa, ina kichwa chake, wengine wanaiweza, mi sijaiweza. Lakini fikiria kwa asilimia. Mbili za kumi kwenye chaji ya greni 40 ni nusu asilimia, bunduki ya kuwindia haitajua. Mbili za kumi hizohizo kwenye chaji ya greni 4 ya bastola ni asilimia tano, na kama uko karibu na kikomo cha kitabu hapo hupaswi kuwa. Kwa shabaha ya mbali mi sipambani na kipimio tena, nakiset kitoe pungufu kidogo, chaji inaingia kwenye sahani ya mizani, namalizia chembe kwa chembe. Ni polepole, ndiyo, ila naweka redio.

Maganda yakishajaa panga yote kwenye ubao wake na umulike tochi ndani moja moja kabla hujaweka kichwa. Kwa risasi za bastola za 9mm na baruti inayoungua haraka, chaji mbili zinaweza kuingia ganda moja na zisimwagike, kwa hiyo jicho lako ndo kinga. Likionekana moja liko juu au chini kuliko wenzake, mwaga uanze upya.

Na usiende kulala hujamwaga hopa. Kopo moja tu la baruti mezani, lile ulilotolea, rudisha humo humo, kwa sababu asubuhi hutakumbuka ilikuwa ipi na zinafanana zote, na zingine zina naitrogliserini inayokula plastiki mpaka hopa inakuwa ya njano. Geuza kipimio, vuta mkono mara tatu nne, utaona punje chache zilizojificha kwenye drami zinaanguka. Zilizomwagika chini zoa kwa brashi, usitie vakyumu.