Ukitaka kitabu kizuri cha faita wa MMA, anza na kichapo

Kava za vitabu vya mafaita wa MMA, yaani mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na kukabana, ni zilezile, jamaa kavua shati, kakunja ngumi na uso kaukunja juu yake, kwa hiyo ukichagua kwa kava umekwisha. Mimi niliwahi kuagiza kimoja nikijua naenda kusoma maisha ya mtu, nafungua nakuta kurasa kwa kurasa ni picha za jinsi ya kukaba shingo na kuchomoka chini ya mtu, kumbe kitabu cha mafunzo. Tangu hapo nina utaratibu wangu kabla sijatoa hela, unachukua dakika kumi tu.

Kwanza rekodi. Kabla hata hujasoma rivyu ingia Sherdog au Tapology, tovuti zinazotunza rekodi za mafaita, andika jina la faita, itakuja orodha ya mapambano yake yote na tarehe zake. Usihangaike na ushindi, tafuta kile kichapo ambacho hakuna aliyekitegemea. Mfano Georges St-Pierre, Aprili 2007 akiwa bingwa kapigwa raundi ya kwanza na Matt Serra, na ni wachache mno waliokuwa wamempa Serra nafasi. Sasa chukua jina la aliyempiga faita wako, fungua kipande cha bure cha kitabu au sehemu ya kutafuta maneno, uone pambano hilo limepewa nafasi gani.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kitabu kibovu kitakwambia "niliteleza kidogo, nikajifunza mengi, nikarudi na nguvu mpya", halafu sura inayofuata ni mkanda wa ubingwa. Kitabu kizuri kinakuingiza chumba cha kubadilishia nguo, jamaa anauliza mara tatu pambano limeishaje kwa sababu hakumbuki, kocha anamkata bandeji mikononi bila kusema neno, simu inaita na hataki kuipokea. Ukikuta vitu vidogo vidogo vya namna hiyo jua mtu alikaa chini akakumbuka kweli, na mwenye ujasiri wa kusimulia aibu yake mara nyingi hata hadithi za ushindi hazitii chumvi sana.

Pili, mwaka kilipotoka, hiki watu wanakisahau kabisa. Faita wa kike Ronda Rousey alitoa kitabu chake cha kwanza Mei 2015 akiwa hajapoteza hata pambano moja, Novemba mwaka huohuo Holly Holm akamlaza kwa teke la kichwa kule Melbourne. Kwa hiyo ukikisoma unamsoma mtu ambaye hajui kinachokuja, ambayo nayo ina utamu wake, ila kama unataka hayo ya baadaye itabidi utafute cha pili cha 2024. Faita Chuck Liddell ni hivyohivyo, chake ni cha 2008 na alistaafu 2010, zile nokauti alizopigwa mwishomwisho hazimo. Mimi napenda zaidi vilivyoandikwa mtu akiwa ameshatundika glovu, maana hauzi tena pambano lijalo na hana haja ya kumpaka mafuta promota.

Tatu angalia mwandishi mwenza. Wengi hawaandiki wenyewe na hiyo siyo dhambi, cha muhimu ni nani kashika kalamu. Jina lake huwa kwa herufi ndogo chini ya la faita, litafute Google. Loretta Hunt kwa mfano ni mwanahabari aliyekuwa akiripoti MMA, ndiye aliyeandika na faita Randy Couture na baadaye na refa John McCarthy, na mtu wa aina hiyo anajua maswali ya kuuliza. Rousey aliandika na dada yake, huyo alikuwepo nyumbani, huwezi kumdanganya. (Cha McCarthy usikiruke eti kwa sababu siyo faita, refa anasimama mita moja kutoka kwa damu, anaona ambavyo hata kamera haioni.)

Halafu kuna vile vijitabu vya kurasa hamsini, kavani picha ya faita maarufu na neno wasifu, mwandishi hajulikani na mwezi huohuo katoa vingine ishirini vya waimbaji na wanasiasa. Pita.

Kitu kingine ninachokipima ni uzito. Faita anayepima ratili 155, yaani kama kilo 70, wiki chache nyuma anaweza kuwa alikuwa mzito zaidi ya hapo kwa mbali, na ule wa ziada, ambao mwingi ni maji ya mwilini, anautoa kwa sauna na maji ya moto ndani ya siku chache tu. Kama kitabu kizima hakigusi mateso ya mizani, au kinayapitia kwa sentensi moja, basi mengi yamefichwa.

Kama hujui uanzie wapi anza na cha faita Mwingereza Michael Bisping. Januari 2013 alipigwa na Vitor Belfort kule São Paulo, jicho la kulia likaharibika, na bado akaendelea kupigana hadi mwishoni mwa 2017, sasa jiulize vipimo vya macho alikuwa anavipitaje. Soma sehemu ya jicho, ukifika kwenye pambano lake la Juni 2016 na Luke Rockhold, aliyekuwa bingwa wakati huo, weka kitabu pembeni. Aliitwa kuziba nafasi zikiwa zimebaki wiki mbili na kitu, na Rockhold alishamkaba shingo hadi akasalimu amri 2014. Litazame lote, ni raundi moja tu haifiki hata mwisho, halafu rudisha nyuma ulitazame tena ukiwa umefumba jicho lako la kulia.