Kupiga picha nebula ya M27 ukiwa uani, Tabora

Mwishoni mwa Agosti M27, wingu la gesi angani, hufika juu kabisa, upande wa kaskazini, saa 4 na nusu usiku hivi. Itafute nyuzi 3 kaskazini mwa nyota ya Gamma Sagittae, katika kundi la nyota la Mshale (Sagitta).

Shida kubwa huku ni ncha ya kusini ya anga: iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, mwembe mmoja unaiziba. Mhimili wa kifuatilia nyota (kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota) lazima ulenge ncha hiyo, basi upangeni kwa dira (mbali na chuma!) na kipimapembe cha simu. Ulengaji huo haujanyooka kabisa, kwa hiyo lenzi ya mm 200, ISO 1600, sekunde 30, picha 120. Nyota zikivutika, shukeni hadi sekunde 15. Fokasi mpatie kwa nyota angavu ya Altair, skrini ikiwa imekuzwa. Kabla ya kufungasha, zibeni lenzi mpige picha 20 za giza papo hapo, za kufutia vinukta vya kihisi cha kamera. Kihisi kikishapoa, vinukta hivyo havifutiki vizuri.