Kukusanya Mahitaji ya Watumiaji kwa Picha Wanazopiga Wenyewe

Kabla ya kusanifu kifaa au huduma, waombe watumiaji wanaoshiriki wapige picha kwa simu zao kila wanapokwama katika shughuli zao, wakipata kwanza ridhaa ya yeyote atakayeonekana. Mbinu hii, inayofanana na ile ambayo watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliitumia na wanawake wa vijijini Yunnan, China, katika miaka ya 1990, hupata uzito wake kwenye mazungumzo yanayofuata, hivyo mwache mpigaji azieleze picha zake kabla hujauliza lolote. Picha ya rimoti yenye vitufe vilivyofunikwa kwa plasta haionyeshi kama mwenyewe anaogopa kuvibonyeza kimakosa au amechoshwa na wingi wake, na kila jibu huzaa hitaji tofauti. Uliza pia alichoona haya kukipiga. Andika hitaji kwa maneno yake, kisha mrudishie alithibitishe kabla ya kuanza kusanifu.