Namna ya kusoma hesabu za ajali bila kujidanganya

Watu hapa Malindi wakiona kwenye simu kaunti fulani inaongoza kwa vifo vya barabarani wanaanza tu kubishana, sasa sikizeni. Kwanza angalia watu wangapi wanaishi huko. Sensa ya 2019 Kilifi ilikuwa na watu kama milioni 1.45, Lamu elfu 144 hivi, kwa hivyo ukilinganisha maiti kwa maiti utasema Lamu ni salama kumbe hujagawanya, gawanya kwanza upate vifo kwa kila watu laki moja. Na hata hapo kumbuka Lamu mjini ni punda na boti, magari yako bara huko Mokowe, Witu, Mpeketoni.

Pili, na hii ndiyo mimi naona muhimu kuliko zote, uliza aliyekufa alikuwa nani. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka na NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, wanawapanga kwa mafungu, wanaotembea kwa miguu ndio wengi, halafu bodaboda na abiria wao. Sisi tunapigia kelele basi likipinduka kwa sababu wanakufa wengi mara moja, lakini yule mama aliyegongwa jioni akivuka njia ya Mombasa hata redioni hatajwi.

Tatu, aliyefia hospitali wiki mbili baadaye kahesabiwa? WHO, Shirika la Afya Duniani, wanahesabu mpaka siku 30, tena wanakadiria na vifo ambavyo havikuripotiwa, ndio maana makadirio yao huwa juu kuliko hesabu ya polisi.