Usawa wa wanawake kwenye saiti: anza na daftari la malipo

Foromani, fungua daftari la wiki iliyopita. Mbele ya kila jina andika kazi iliyofanywa, kisha linganisha. Mwanamke aliyekoroga zege kutwa na mwanaume aliyekoroga naye, wamelipwa sawa? Katiba ya Uganda ya 1995 na Sheria ya Ajira ya 2006 zote zinadai malipo sawa kwa kazi sawa.

Utaambiwa, "Mama habebi mfuko wa simenti." Mfuko ni kilo 50; hata mwanaume unammaliza mgongo. Nunua toroli, mfuko ubebwe na watu wawili pale toroli isipofika, na bei ya siku ipangwe kwa kazi. Pesa iende kwenye namba ya simu ya mama mwenyewe. Ikipitia kwa mume au kwa fundi aliyemleta, mara nyingi hufika imemegwa.

Halafu mtoe mama kwenye ndoo za maji. Mkabidhi kwa mwashi mmoja mvumilivu: kwanza timazi ya kunyoosha ukuta wima, kamba, na pima maji ya kuuweka mlalo, kisha kozi (mistari ya matofali) tatu za chini katikati ya ukuta, mwisho kona. Kosa kubwa ni kumwacha ashike kamba miezi mitatu. Hapo hajajifunza uashi. Akiiva, apimwe na UVTAB, bodi ya serikali inayopima mafundi, apate cheti, la sivyo saiti inayofuata itamrudisha kwenye ndoo.

Choo cha wanawake kiwe na komeo la ndani, maji, na ndoo ya kifuniko kwa pedi. Pasipo choo, mama hanywi maji tangu asubuhi, na saa nane juani anashikwa kizunguzungu akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Buti nazo: mwenye mguu wa 38 akivaa 42 iliyojazwa matambara, atateleza kwenye ngazi. Uliza namba kabla ya kununua.

Unyanyasaji wa kingono ndio mgumu zaidi. Sheria inamtaka mwajiri wa watu zaidi ya 25 aweke hatua za kuuzuia. Weka hata ukiwa na kumi. Anayepokea malalamiko asiwe yule anayechagua vibarua getini, maana mwanamke aliyemkataa jana ndiye anayeachwa nje leo. Andika tarehe, mahali na mashahidi siku hiyo hiyo. Lalamiko likishindikana hapo saiti, nenda kwa afisa kazi wa wilaya. Hasara yake si ya mtu mmoja: Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa barabara magharibi mwa nchi kwa sababu ya madai kwamba wafanyakazi waliwadhulumu wasichana kingono.

Mjamzito asifukuzwe. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na nafasi yake imsubiri. Kabla ya hapo mshushe kwenye jukwaa kwa malipo yale yale: stoo inahitaji mtu wa kuhesabu nondo, na zege jipya linahitaji wa kulimwagilia siku 7 mfululizo, kwa mpira wa maji, si kwa ndoo kichwani.